Mkataba Ambao Sikuwasomea

Fausta mwanangu,

Habari za nauli, za kufunga begi, za kutokula ovyo njiani na za kwenda misa Jumapili hata ukiwa umechoka, mama yako ameshakumalizia. Nimemsikia tangu mchana. Mimi nimekuja huku nyuma kwenye stoo ya kahawa, nimegeuza kreti nikalikalia, daftari liko magotini. Jua bado lipo. Nataka nimalize kabla hujarudi kutoka kuaga kwa shangazi yako, maana ukinikuta naandika utauliza, na nikiulizwa nitaacha.

Leo uliniuliza jambo nikakudanganya. Mama Editha, yule anayeuza usipa, dagaa wa ziwani, alipanda kutoka Kihagara mpaka huku kwetu milimani, akakuletea kitenge cha kuanzia kazi, akakushika mkono kibarazani akakuombea. Alipoondoka ukaniambia, "Baba, mbona hukutoka kumsalimia? Amekuulizia." Nikajibu kwamba sikumsikia. Nilimsikia. Nilikuwa humu stoo, nimesimama nyuma ya mlango, nimeshika gunia tupu kama mtu mwenye kazi. Mtu mzima wa umri wangu! Nilingoja mpaka nikasikia mguu wake ukiburuta kwenye changarawe, nikajua ameenda.

Na Jumapili, kwenye chakula cha kukuaga, ulisimama mbele ya watu ukasema baba yako alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, na kwamba haki uliijua kwangu kabla hujaisoma chuoni. Wakapiga makofi. Baba Paroko naye akapiga. Mimi niliinamia sahani nikajifanya nachambua miiba ya samaki, na chakula kilikuwa wali na kuku. Sijui kama uliona.

Kesho unakwenda Dodoma, kwenye ofisi ya utumishi ya kiwanda cha magodoro. Utakaa upande wa mwajiri wakati chama cha wafanyakazi kikija kudai. Kuna siku ataingia mtu kama mimi, na ningependa umjue. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka nilivyokuwa nafanya kazi kwenye machimbo madogo ya makaa ya mawe. Siyo haya makubwa ya sasa. Yalikuwa shimo moja, mtambo mmoja wa kuchimbia uliokuwa unaharibika kila wiki, mizani, na foleni ya malori. Mwenye machimbo wa wakati ule alishauza akaondoka zamani. Mimi nilikuwa mtu wa mizani. Chini yetu, kwa maana ya kudharauliwa, walikuwepo wanawake kumi na saba waliopanda juu ya malori kufunga turubai ili makaa yasimwagike njiani. Wengi walitoka vijiji vya huku, Ukata na Ruanda, wengine ziwani. Editha ndiye aliyekuwa mkubwa wao, ingawa hakuna aliyemteua. Alikuwa na sauti ya kuita mtumbwi kutoka ng'ambo, na akipanda juu ya lori utafikiri anapanda ngazi ya nyumbani kwake.

Vumbi lile ulilijua, kwa sababu mama yako alikuwa ananivua shati nje. Tulikuwa tunakohoa mate meusi. Saa za ziada hazikulipwa, na anayelalamika aliambiwa malori ni mengi lakini watu ni wengi zaidi. Siku moja akaja mtu wa chama kutoka Songea na pikipiki, akatuambia tukiwa wengi sheria inatupa nafasi ya kukaa meza moja na mwajiri. Tukajaza fomu, na mimi nikachaguliwa katibu wa tawi kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Hiyo ndiyo sifa niliyokuwa nayo, usidhani kulikuwa na nyingine.

Wengine walitaka tufanye mikutano kama ya serikali, na ajenda na muhtasari. Mimi nikasema hapana, tufanye kwa desturi yetu. Wewe sengu umeikuta inaishia, lakini mimi nimekulia humo: wanaume wa ukoo wanakula pamoja kwa babu, kila nyumba inaleta chakula chake, na baada ya kula ndipo mambo yanasemwa, kila mtu kwa zamu, mpaka mwisho babu anafunga maneno. Akishafunga hakuna wa kufungua. Hata kama huridhiki, unakwenda kulala na kutoridhika kwako. Basi tukaileta sengu kwenye mizani. Adhuhuri kila mtu anakuja na bakuli lake, tunamimina pamoja, ugali, maharage, mboga za maboga, wanawake na wanaume sahani moja. Editha alikuwa analeta usipa wa kukaanga, akitutania kwamba sisi Wamatengo tunapenda mikutano kwa sababu ya kula. Nami, kwa kuwa katibu, nilikaa mahali pa babu. Nilikuwa sijafika hata miaka arobaini. Nilipapenda mahali pale, Fausta. Siku hizi nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nasafisha koo kabla ya kufunga maneno, natamani nijipige kofi.

Lakini nisiseme uongo wa upande wa pili. Umoja ule ulifanya kazi. Tulitoa notisi, usuluhishi ukashindikana, tukasimamisha kazi siku tatu, na malori yakapanga foleni mpaka kwenye kona ya kanisa. Siku ya nne meneja akakubali kulipa saa za ziada na kuleta barakoa za vumbi. Kilichofuata hukijui, ulikuwa mdogo. Unajua mwenzetu huku anavyoshikwa mwezi wa njaa, anaiuza kahawa yake ingali maua mtini kwa bei ya huruma, halafu akivuna anavuna ya mtu mwingine. Mwaka ule, watu wa machimbo hawakuuza maua. Walikuwa na cha kununulia mahindi. Walivuna kahawa yao wenyewe, wakaipeleka wenyewe kwenye chama cha ushirika. Kituoni pale, kwenye maduka ya jirani na machimbo, fundi cherehani akaongeza mashine ya pili. Usipa uliokuwa unapanda kutoka ziwani mara moja kwa wiki ukawa unapanda mara mbili, na Wanyasa waliouleta walirudi na maharage yetu. Hayo yote yalitoka kwenye saa za ziada za watu wachache wenye vumbi puani. Nilijifunza hapo kwamba mshahara wa kibarua haukai mfukoni, unazunguka kijiji kizima kabla haujalala.

Na siku zile tatu nazo zilizunguka. Mama mmoja aliyekuwa anawapikia madereva alimwaga sufuria mbili za wali kwenye shimo la takataka. Alinikuta njiani akaniuliza, "Osmund, mimi nimegoma na nani?" Nikacheka. Nilidhani ni utani mzuri, nikawasimulia wenzangu. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba kiti cha babu kilikuwa kimeniharibu, ila sikuiona.

Mwaka uliofuata ukaja mkataba wa hali bora, ule wa miaka miwili, wa mishahara na mengine yote. Meneja aliniita ofisini peke yangu. Ofisi yenyewe ilikuwa kontena lenye kiyoyozi, na nilikuwa sijawahi kukaa mahali penye baridi ya namna ile nikiwa nimevaa shati moja. Alikuwa mpole sana. Akanipa chai, akanipa karatasi nisome. Nyongeza ilikuwa nzuri, nzuri kuliko tuliyoiomba. Nikasoma ukurasa wa pili, na hapo pakawa na mstari mmoja unaoeleza mfanyakazi ni nani. Ulisema mfanyakazi, kwa maana ya mkataba huu, ni mwenye ajira ya kudumu. Nikarudia kuusoma. Wanawake wa turubai hakuna hata mmoja aliyekuwa na ajira ya kudumu.

Nikamwambia, "Bosi, hapa wale kina mama hawamo."

Akasema, "Wale tunawapeleka kwa wakala, Mzee Osmund. Atawaajiri yeye. Tukiwabeba wote kwa nyongeza hii, makaa yetu yatakuwa ghali, wanunuzi watahamia shimo jingine, na hapo hata wewe hutakuwa na kazi. Chagua kuwaokoa wanaookoleka."

Siwezi kusema alidanganya yote. Wanunuzi kweli walikuwa wanahesabu kila senti ya tani. Lakini ningeweza kumwambia basi tugawane nyongeza iwe ndogo, tuingie wote. Maneno hayo yalinijia mdomoni. Akawahi yeye. Akaniuliza, "Yule binti yako wa darasa la saba anaendeleaje?"

Hapa, mwanangu, nimesimama nikatembea kidogo humu stoo kabla ya kuandika. Kulikuwa na nafasi ya ufadhili, akasema, kwa mtoto mmoja wa mfanyakazi mwenye mchango wa pekee. Shule ya bweni, kisha kidato cha tano, kisha chuo. Siku zote umeambiwa uliipata kwa alama zako. Alama zako zilikuwa nzuri, hilo ni kweli na usilitilie shaka. Lakini kulikuwa na watoto watatu wenye alama kama zako pale kituoni, na mmoja wao alikuwa wa Editha.

Nikasaini.

Kesho yake tukala. Nakumbuka kulikuwa na viazi vitamu, kwa sababu nilimenya kimoja nikakirudisha kwenye sahani. Kila mtu akasema kwa zamu, mimi wa mwisho. Mkataba ulikuwa mfukoni mwa koti langu, umekunjwa mara mbili. Nikawaambia tumepata: nyongeza imepatikana, matibabu yamepatikana, likizo imepatikana. Watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyesema lete tusome. Kwenye sengu nani atamwambia babu alete ushahidi? Desturi niliyoileta mwenyewe ndiyo iliyonificha, na nilijua itanificha.

Editha peke yake aliinua mkono. Alikuwa bado ana unga wa ugali kwenye vidole. Akauliza, "Kaka Osmund, na sisi wa turubai tumo?"

Nikasema, "Mmo wote."

Akasema, "Basi funga maneno, tukafanye kazi."

Nikafunga.

Mwisho wa mwezi waliitwa pembeni, wakapangwa mstari, wakaambiwa kuanzia siku ile wao ni watu wa wakala. Malipo yalishuka, na barakoa wakaambiwa wajinunulie. Walinijia nyumbani. Mama yako aliwapokea akawaambia nimekwenda Mbinga mjini, kwa sababu ndivyo nilivyomwambia aseme. Nilikuwa nimejilaza chumbani na viatu miguuni. Mama yako hakuniuliza kitu siku ile wala siku nyingine, na sijui anajua kiasi gani. Nimeishi naye miaka yote hii bila kujua.

Miezi michache baadaye mvua ilinyesha, turubai likateleza, Editha akaanguka kutoka juu ya lori. Nyonga ikavunjika. Angekuwa ndani ya ule mkataba angetibiwa na kulipwa fidia. Wakala alimpa nauli ya kurudi ziwani. Huo mguu unaouona unaburuta, mwanangu, umeuona tangu ukiwa kidato cha kwanza ukirudi likizo na sanduku lako jipya. Ulikuwa unamkimbilia umpokee beseni la usipa, naye anakusifu umekua. Mimi nilikuwa natazama hayo kutoka dirishani.

Wenzangu wa ajira ya kudumu nao usidhani walibaki wakicheka. Mkataba ulipoisha tukadai mwingine, meneja akakataa kata kata. Tukasema tutasimamisha kazi. Akasema simamisheni. Wale wa wakala walikuwa wameongezeka, wanapima mizani, wanaendesha, wanafanya kila kitu kwa nusu ya malipo yetu. Tukawaomba wasimame nasi. Kwa nini wangesimama? Walipita mbele yetu wakaingia kazini, wengine wakituangalia na wengine hawatuangalii kabisa. Tawi likafa palepale getini. Baada ya mwaka tukapunguzwa karibu wote, mimi nikiwemo, na hata kiti changu cha babu alikikalia mlinzi. Fundi cherehani akauza mashine ya pili. Kahawa ikaanza tena kuuzwa ingali maua. Nilipita shamba la jirani yetu mmoja mwezi wa Novemba, miti imechanua maua meupe mpaka inapendeza, nikajua hakuna hata ua moja lililo lake.

Nimekutana na Editha uso kwa uso mara moja tu tangu hapo, sokoni Mbinga, miaka mingi imepita. Nilijiandaa atanitukana. Akanipimia usipa, akaongeza wa nyongeza kama wanavyofanya kwa mteja, ndipo akasema taratibu, "Kaka, ungesema tu hatumo. Tungejipanga wenyewe. Sisi tulikaa tumekutegemea." Basi. Akamgeukia mteja mwingine. Nikaondoka na mfuko mkononi. Jambo ambalo siku zote nilijiambia ni lazima, kwamba nyongeza isingewatosha wote, yeye hata hakuligusa. Alichonidai ni lile neno moja nililomjibu.

Sijawahi kumwomba msamaha. Miaka yote hii nimejipa sababu: leo mvua, leo atakuwa na watu, leo atadhani nataka kitu. Naona aibu, Fausta. Naona aibu mpaka kwenye mambo madogo, nikipewa nafasi ya mbele kanisani, kijana akiniita katibu njiani. Na leo mwanamke yule amepanda mlima kwa mguu ule kumbariki mtoto wangu kwa kazi ambayo huenda ingekuwa ya mtoto wake, na mimi nimejificha nyuma ya mlango.

Sikuandikii ili uikatae kazi. Nenda. Kile ulichosoma umekisoma kwa kichwa chako, na kosa ni langu, usijaribu kulibeba, najua ulivyo, unakunja mdomo kama shangazi yako na kujitwika mambo ya watu. Ila ukiwa ofisini kwako na katibu wa tawi akikubali haraka kuliko ulivyotarajia, usifurahi. Mtazame usoni. Muulize waliobaki nje ya mlango ni kina nani. Ukikuta ule mstari unaoeleza mfanyakazi ni nani, anza kusoma hapo, mengine yatakuja. Na kama bosi wako atakutuma umuulize mtu wa namna yangu habari za mtoto wake, kumbuka kwamba mimi nilikuwa nampenda mtoto wangu, na ndicho walichonikamatia. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi sina la kukufundisha hapo, nilishindwa.

Chama nacho usikidharau kwa sababu yangu. Nimekiona kikilisha kijiji. Nilichokiona pia ni kwamba hakikuuawa na meneja peke yake, tulianza sisi wenyewe siku tulipokubali kuwa wachache.

Nilitaka nikuwekee barua hii chini ya begi, uisome ukiwa umeshapita Songea, mimi nikiwa huku mbali na uso wako. Nimeshaikunja hata, nikaikunjua. Basi haitakwenda begini. Alfajiri, kabla hatujakusindikiza stendi, nitawaomba wewe na mama yako mkae jikoni, nami nitaisoma yote kwa sauti, pamoja na yale ya mama yako kuwajibu watu kwamba nimekwenda mjini. Mkitaka kuuliza mtauliza, na sitafunga maneno mimi. Basi likishaondoka, nitateremka Kihagara, nifike kwa Editha nikamwambie mwenyewe, kokote atakaponipokelea, hata mlangoni.

Ombi langu ni moja, nalo nitakwambia kwa mdomo usiku huu kabla hujalala. Kesho ukiamka, usinipe shikamoo. Nitakapoingia jikoni nyamaza tu, kaa, uniache nisome mpaka mwisho. Baada ya hapo utaamua mwenyewe kama unayo ya kunipa.

Ni mimi baba yako,
Osmund